Mmea mmoja haupiti mageuzi, kundi ndilo linalopita

Je, mmea unaweza kupita mageuzi ukiwa hai ili kuendana na ukame? Hapana, mmea uliokwisha ota haubadili jeni zake, yaani maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya seli. Unachofanya ni kujirekebisha: hufunga vitundu vya majani maji yasipotee, huteremsha mizizi chini zaidi, hutoa majani madogo. Mageuzi yenyewe, yaani kubadilika kwa sifa za kurithi za kundi zima, hutokea kizazi baada ya kizazi, pale mimea yenye jeni zinazofaa inapoacha mbegu nyingi kuliko mingine.

Ila si lazima yachukue maelfu ya miaka. Ushahidi mzuri mno ni wa haradali pori (Brassica rapa) huko California, utafiti uliochapishwa 2007. Watafiti walikuwa na mbegu za 1997, kabla ya ukame wa miaka kadhaa, na nyingine za 2004. Wakazikuza pamoja katika mazingira yaleyale. Za baada ya ukame zilichanua mapema, yaani zinawahi kuzaa kabla udongo haujakauka. Walipochavusha mimea ya mbegu za zamani kwa ile ya mbegu za baadaye, machotara waliozaliwa wakachanua katikati ya hizo mbili. Hapo huwezi kusema ni hali ya hewa tu, ni urithi.

Angalizo: haradali huishi msimu mmoja tu. Mti unaongoja miaka mingi kabla ya kutoa mbegu hauna kasi hiyo. Halafu ukame hautengenezi jeni inayohitajika, unachagua tu kati ya zilizopo, kwa hiyo kundi dogo lenye mimea inayofanana sana linaweza kuangamia kabla halijabadilika.