Meneja wenu asiwe prodyuza wenu

Juzi binti mmoja mpiga gitaa kutoka Nakuru ameniandikia. Bendi yao ya roki imepata lebo kubwa, yaani kampuni ya rekodi, na lebo inataka EP, rekodi fupi ya nyimbo nne, kabla ya kuzungumzia albamu. Meneja wao ana studio, amesema atakuwa prodyuza wao, yaani msimamizi wa kurekodi, ili gharama zipungue. "Kaka, kuna shida hapo?"

Shida ipo, mdogo wangu. Na nina haki ya kusema, maana niliyasema haya zamani mbele ya bendi yetu nikaonekana mchawi.

Nilipokuwa nabishana na wenzangu, mfano wangu ulikuwa Radiohead, bendi ya roki ya Uingereza. Mwaka 1991 walikuwa bado wanaitwa On a Friday, vijana waliosoma shule moja kule Abingdon, karibu na Oxford. Colin Greenwood, mpiga besi, alikuwa ameajiriwa kwenye duka la muziki. Mtu wa EMI alipopita dukani, Colin akamkabidhi kanda ya demo, yaani ya majaribio. Kabla ya mwaka kwisha walikuwa na mkataba wa albamu sita. Lebo haikulipenda jina lao, wakachukua jingine kutoka wimbo wa bendi ya Talking Heads. Mei 1992 ikatoka EP yao ya kwanza, Drill, nyimbo nne, kupitia Parlophone ya EMI. Prodyuza ni Chris Hufford, mmoja wa mameneja wao, ndani ya studio yake. Ikakwama namba 101 kwenye chati ya Uingereza.

Hufford mwenyewe alikuja kukiri kwamba kofia zile mbili zilileta mgongano wa maslahi. Baada ya Drill wakaletwa Wamarekani wawili, Sean Slade na Paul Kolderie, na hao ndio waliorekodi Creep, wimbo uliokuja kuwapa jina. Hata Creep ilipotoka Septemba ya mwaka ule ule iliishia namba 78! Ikatolewa upya 1993, ikapanda hadi namba 7. Watu wanaruka sehemu hiyo wakisimulia.

Sasa sisi. Meneja wetu alikuwa mtu wa maneno matamu, na studio yake ilikuwa na kiyoyozi, jambo ambalo kwa vijana wa Eastlands, Nairobi, lilitosha kutushawishi. Nikauliza swali moja tu: wimbo ukitoka vibaya, nani atamwambia prodyuza arudie, ikiwa anayepaswa kutusemea ndiye prodyuza? Kimya. Kisha kura, nikabaki peke yangu. Basi nikaimba.

Ngoma zilisikika kama debe. Mpiga drams wetu alilalamika, akajibiwa kwamba saa za studio zinakwisha. Ilipokuja hesabu, saa hizo hizo zilikatwa kwenye pesa tulizotangulizwa na lebo, na aliyezipokea ni meneja. Asilimia yake ya umeneja nayo haikuguswa. Redio hazikuipiga EP, lebo ikaacha kupokea simu. Bado inaniuma, sitaficha. Hadi leo nikikutana naye mjini ananiita "msanii wangu".

Lakini wimbo wa tatu niliukataa usife. Tuliurekodi upya na kijana asiyetudai chochote zaidi ya malipo yake, na huo ndio wimbo mnaouimba tukipanda jukwaani. Radiohead nao walizipeleka nyimbo tatu kati ya zile nne za Drill kwenye albamu yao ya kwanza, Pablo Honey. EP ya kwanza ni mahali pa lebo kuwapima ninyi, na ninyi kuipima lebo. Wapeni nyimbo nzuri, ila mjilindie ruhusa ya kuzirudia.

Vijana wa siku hizi mnapenda kusaini huku simu inapiga picha. Someni! Meneja ni wa kukusemea. Prodyuza ni wa kukukosoa. Akiwa mtu mmoja, hutasemewa wala hutakosolewa, utatozwa tu.

Kwa hiyo dada, mwambieni meneja achague kiti kimoja, na jibu lake liandikwe. Kama lazima mtumie studio yake, bei ya saa iwekwe kwenye mkataba kabla hamjafunga kebo hata moja, na lebo ndiyo iidhinishe mchanganyo wa mwisho wa sauti pamoja nanyi. Ule ukurasa wa gharama uliosema huuelewi, nitumie leo jioni. Futa majina kwanza.