Maswali na Majibu: Shule yetu inashuka, tuanze na darasa la 12?

SWALI: Mimi ni makamu mkuu wa shule ya sekondari ya mjini hapa Marekani. Wanaohitimu wameshuka hadi asilimia 61, na jimbo limetuingiza kwenye orodha ya shule za kuboreshwa. Darasa la 9, la kwanza la sekondari, lina wanafunzi 380; la 12, la mwisho, lina 190. Bodi inataka kuondoa nusu ya walimu, na kununua kozi za kompyuta za kufidia krediti (alama za kufaulu somo zinazohesabiwa ili kuhitimu) kwa wa darasa la 12 waliofeli. Tuanze na lipi?

JIBU: Msianze na lolote kati ya hayo. Kabla bodi haijakutana tena, fungua rekodi za uandikishaji uone kundi la hao 190 lilikuwa na watoto wangapi lilipoingia darasa la 9 miaka mitatu iliyopita. Kisha hesabu ni wangapi kati ya 380 wa sasa wanaorudia. Shule za hali yenu hukuta vijana wa miaka 16 na 17 ambao kwenye makaratasi bado ni wa darasa la 9. Hapo ndipo mnapovuja. Aliyefika darasa la 12 amekwisha kuvuka sehemu mbaya. Waliopotea njiani hawamo kwenye ajenda ya bodi.

Chicago walilijua hili mapema. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba mwanafunzi aliyemaliza darasa la 9 akiwa na krediti 5 za mwaka mzima, na hajafeli zaidi ya muhula mmoja katika somo la msingi, ana nafasi kubwa mara tatu na nusu ya kuhitimu kwa miaka minne kuliko mwenzake aliyekosa hivyo. Kipimo hicho kilibashiri vizuri kuliko alama alizokuja nazo kutoka shule ya chini.

Kwa hiyo panga walimu wa darasa la 9 katika timu, kila timu wanafunzi wale wale 100 hadi 120, na kipindi kimoja cha pamoja kwenye ratiba. Kipindi hicho kilindwe. Kikigeuzwa kuwa cha kujaza nafasi za walimu wasiofika, mpango umekufa. Kila wiki mbili wapitie orodha yenye vitu viwili: siku alizokosa na alama za sasa za kila somo. Msingoje utoro ufikie siku 18 kati ya 180, yaani asilimia 10 ya mwaka wa shule. Siku 2 katika mwezi wa kwanza tayari ni asilimia 10, na zinatosha kumpigia mzazi simu. Kila jina linaloibuka lipewe mtu mzima mmoja, na mkutano unaofuata uanze kwa kumwuliza alichofanya. Bila swali hilo, orodha inabaki karatasi tu.

Angalieni pia sifuri. Mtoto mwenye 80, 80, 80 na 0 ya kazi moja ambayo hakuileta ana wastani wa 60. Sifuri ya pili ikiingia, wastani ni 48, naye huona hesabu imekwisha na kuacha kuja. Kazi isiyoletwa idaiwe, ipewe tarehe mpya, ifanywe shuleni.

Hisabati inataka mkono mzito zaidi: mkufunzi mmoja kwa wanafunzi wawili, kila siku, ndani ya ratiba. Mkiweka baada ya masomo, mtoro ndiye wa kwanza kukosa. Na tafadhali, msiwape darasa la 9 walimu wapya kazini kwa sababu wakongwe wanayataka madarasa ya juu.

Kuhusu kufukuza nusu ya walimu: mpango wa serikali kuu wa ruzuku kwa shule zinazofanya vibaya, ulioimarishwa mwaka 2009, ulikuwa na chaguo hilo hilo, mkuu mpya na wasiozidi asilimia 50 ya walimu wa zamani kubaki. Tathmini iliyotolewa mwaka 2017 haikuona kwamba ruzuku hizo ziliinua alama wala kuhitimu. Nafasi 30 zikiachwa wazi mwezi Juni katika shule ambayo walimu wanaikwepa, mnadhani Agosti zitajazwa na nani?

Lakini kinachonichosha kuliko vyote ni hizi kozi za kufidia. Kijana aliyeshindwa Aljebra mwaka mzima anabonyeza majibu, anarudia jaribio mpaka lipite, na baada ya siku chache ana krediti. Asilimia inapanda, kila mtu anapiga makofi. Washington D.C. walipiga makofi hayo mwaka 2017, mpaka ukaguzi ukakuta kwamba takribani theluthi moja ya wahitimu wa mwaka huo walipewa vyeti kinyume cha kanuni, wengi kwa utoro uliofumbiwa macho na kozi za fidia zilizotolewa ovyo. Kanuni zilipoanza kufuatwa, asilimia ilishuka mwaka uliofuata. Njia hizi za mkato hazikosi wauzaji, na huja na chati nzuri.

Muuzaji akifika kwenu, mwulize wanaofaulu hutumia saa ngapi kwa krediti moja, jaribio linarudiwa mara ngapi na chini ya usimamizi wa nani, na wangapi walifaulu somo linalofuata walipokaa mbele ya mwalimu. Akikosa takwimu za hilo la mwisho, msitie saini.