Kabla hujajaza mafuta chini ya macho, jua kwanza weusi wako ni wa aina gani

Kuna dada kanitumia meseji, kasema kaona picha zangu za kabla na baada na yeye anataka "ile ya mafuta", yaani kuchukua mafuta ya mwili wako mwenyewe na kuyajaza chini ya macho kama nilivyofanya mimi, haraka iwezekanavyo, weusi wa chini ya macho umemchosha. Nimeona nijibu hapahapa maana najua mko wengi.

Mimi huo weusi nimekua nao. Kila mtu akiniona lazima aulize umelala saa ngapi, unaumwa, una stresi gani, hata siku ambayo nimelala mpaka usingizi wenyewe umeniacha. Kuna harusi nilienda nimejipamba nikajiona mimi ndo mimi, mama mmoja akanishika mkono akaninong'oneza "pole mwanangu, yatapita tu". Yapi?! Sikuwa na lolote. Yule mama mpaka leo sijamsamehe vizuri.

Habari za matango na krimu na kansila inayokatika mchana naziruka, wote tumepita huko.

Kilichonifungua macho ni daktari wa upasuaji wa urembo aliyenipa kioo cha mkononi akaniambia inua uso uangalie taa. Nikainua, weusi karibu wote ukapotea. Nikarudisha kichwa, ukarudi. Kumbe kwangu haikuwa rangi, ni kivuli! Nina bonde linaloanzia kona ya ndani ya jicho linashuka kuelekea shavuni, mwanga ukitoka juu linatupa kivuli. Bonde linajazika, rangi haijaziki, na ukielewa hilo tu umeshaokoa pesa na machozi.

Kuna wenye melanini (rangi ya asili ya ngozi) nyingi kwenye ngozi yenyewe, ya kurithi au ya kujisugua macho kila siku kwa sababu ya aleji. Hao ugeuze uso utakavyo, weusi uko palepale. Kuna wenye ngozi nyembamba sana (na ngozi ya kope ndiyo nyembamba kuliko yote mwilini), mishipa inaonekana kwa chini, wanakuwa na uzambarau fulani, hao mafuta yanaweza kusaidia kiasi kwa sababu yanakaa katikati kama pazia. Halafu kuna wenye vifuko vilivyovimba, mafuta tayari wanayo yamesukumwa mbele, sasa ukiongeza mengine si ndo unaharibu? Wengi tuna mchanganyiko. Yule dada nilimwomba picha mbili, moja ameangalia dirisha, nyingine chini ya taa ya juu, weusi uleule zote. Nikamwambia anza kwa daktari wa ngozi, tibu aleji, paka sanskrini. Kanijibu eti nataka nipendeze peke yangu. Haya.

Zoezi lenyewe: mafuta yanavutwa pajani au tumboni kwa mrija mwembamba, yanasafishwa kuondoa damu na maji, yanarudishwa usoni kwa vitone vidogovidogo, kwa chini karibu na mfupa. Sio jambo la juzi, Mjerumani Gustav Neuber alihamisha mafuta ya mkono kujaza makovu usoni mwaka 1893, na Sydney Coleman wa Marekani akaipangia utaratibu mzuri miaka ya 1990. Mimi paja liliniuma kuliko uso, hilo hakuna aliyenitahadharisha. Uso ulivimba nikawa sitoki nje. Mafuta mengine yanakufa mwili unayafyonza, kwa hiyo usijipime wiki ya pili ukashangilia au ukalia, subiri miezi 3 mpaka 6. Wengine wanarudia.

Sasa sikilizeni. Fila ya haialuroniki, ile jeli ya kudungwa kwa sindano kujazia uso, ikikaa vibaya kuna sindano ya kuiyeyusha. Mafuta hayana hiyo sindano! Yakifanya uvimbe mgumu, kuyatoa ni kazi nyingine, na ukinenepa sana nayo yanaweza kunenepa hapohapo chini ya jicho. Na kuna hatari ambayo ni nadra ila ipo, mafuta kuingia kwenye mshipa wa damu mpaka jicho likapofuka. Ndo maana nasema usimpe uso wako mtu wa saluni, usimpe mtu aliyejifunza kwa video, sijali bei yake. Nenda kwa daktari mwenye mafunzo ya upasuaji, na kama hajakushika uso, hajauliza dawa unazotumia wala kama unavuta sigara (sigara inanyima mafuta damu ya kuyalisha), inuka uondoke, usione aibu.

Na picha za kwenye mitandao ziangalieni taa kwanza. Picha ya kabla taa inatoka juu, ya baada taa iko mbele ya uso, hapo kivuli kimeondolewa na taa sio na daktari. Zangu zote nimepiga dirisha lilelile saa ileile bila kupaka kitu, na anayesema ni filta aje tukae wote juani mchana.