Ali wa 1966 na Tyson wa 1988: mimi naenda na Ali

Ndugu, umeuliza mabondia hawa wawili wa uzito wa juu, Muhammad Ali na Mike Tyson, wakikutana katika ubora wao nani anatoka mshindi. Raundi nne za kwanza mashabiki wa Ali tungekuwa tunasali. Tyson yule alimmaliza Michael Spinks kwa sekunde 91, na Ali alikuwa na tabia mbaya ya kushusha mikono. Konde la kushoto la Henry Cooper lilimwangusha 1963, la Joe Frazier likamwangusha tena 1971. Tyson akimpata Ali na konde kama hilo mapema, huenda habari ikaisha.

Ila Ali aliinuka mara zote mbili, na hapo ndipo nyie wa Tyson mnaruka haraka! Kumbukeni Tokyo 1990: Buster Douglas, bondia mrefu, alimdonoa kwa ngumi ndefu za kushoto hadi raundi ya 10 Tyson akawa anapapasa sakafuni kutafuta kinga ya meno. Sasa mpe kazi hiyo Ali, anayemzidi Tyson urefu kwa sentimita 13 hivi, mwenye miguu mepesi kuliko Douglas. Refa anasimamisha raundi ya 11. (Maneno ya kejeli ya Ali siku ya kupima uzito sijayahesabu.)