Barua ya rufaa haimfikishi mtu

Katika wodi ya kuwaondolea watu sumu ya dawa za kulevya, siku ya tano ndiyo itakayokudanganya. Mtu aliyeingia wodini anatetemeka, machozi na kamasi vinamtoka, hata maji hayakai tumboni, leo ameoga, amenyoa, anataniana na manesi. Anakwambia, "Dada, mimi nimeshapona," na wewe mgeni wa kazi unaamini, maana kweli anaonekana mzima. Arosto ya heroini, yaani mateso ya mwili unapoikosa, hupamba moto siku ya pili na ya tatu, na ikifika wiki au siku kumi mwili huwa umetulia. Lakini hapo tumeondoa sumu tu. Uraibu wenyewe hatujaugusa.

Nilipoanza, nilidhani kazi yangu inaishia getini. Kuna kijana nilimruhusu Ijumaa mchana, nikampa barua ya rufaa na miadi ya Alhamisi, nikampongeza. Jioni ile mfanya usafi akaniletea barua: ilikuwa chini ya godoro, imekunjwa mara nne. Alhamisi hakutokea. Baada ya miezi minne alirudi kwetu, arosto upya, nikamuuliza kwa nini aliiacha. Alikuwa hajui kusoma, akaona haya kuniambia. Mimi nilikuwa nimelihesabu jambo hilo kuwa "dalili za kutokuwa tayari".

Kwa hiyo usingoje siku ya kuruhusiwa. Akipata nafuu kidogo tu, hata kama bado analala, mlete mshauri wa kituo anachokwenda aketi naye kitandani dakika kumi, amjue kwa sura. Simu ya miadi ipigwe yeye akiwepo, aongee mwenyewe. Miadi iwe siku hiyohiyo anayotoka, na ikishindikana, kesho yake. Siku sita za kungoja, usingizi hakuna, hamu imemjaa na marafiki wa zamani wanampigia, ni nyingi mno. Kama kuna aliyepitia uraibu akapata nafuu na yuko tayari kumsindikiza, mwombe. Huyo atamweleza njiani mambo ambayo mimi na wewe hatuyajui.

Kwa waliokuwa wakitumia heroini au dawa nyingine za jamii ya afyuni, suala ni zito zaidi. Mwili uliopumzika umepoteza ustahimilivu. Mwambie wazi: kipimo chako cha zamani sasa kinaweza kukuua. Wapya wengi huogopa kusema hivyo, wakidhani ni kama kumruhusu arudie. Si kweli. Mpe naloksoni, dawa ya kumwokoa aliyezidisha kipimo cha afyuni, kama ipo, na umfundishe anayeishi naye jinsi ya kuitumia. Na kabla hata ya kufikiria kumtoa bila dawa, mweleze methadoni na buprenofini, dawa za kutibu uraibu wa afyuni, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Kuendelea na dawa hizo humlinda kuliko kusafishwa na kuachwa. Utasikia watu, hata wafanyakazi wenzako, wakisema ni kubadilisha uraibu kwa uraibu. Usibishane nao mbele ya mgonjwa. Akichagua naltreksoni, dawa inayozuia afyuni isifanye kazi mwilini, hakikisha amekaa siku saba hadi kumi bila afyuni yoyote, la sivyo utamrudishia arosto kwa kishindo.

Wa pombe wana dawa zao za kupunguza hamu, na kwao pia kosa ni lilelile la kungoja.

Akikataa kuendelea, usimtishe wala usimwite teja, hata kwa utani. Uliza anaogopa nini. Mara nyingi utakuta si matibabu anayoyakataa: ni nani atabaki na watoto, ni kazi itakayopotea, ni shemeji aliyesema harudi nyumbani kwake. Hayo yana namna ya kushughulikiwa. Omba ruhusa ya kumpigia baada ya siku mbili, kisha kweli umpigie.

Siku hizi kabla sijasaini fomu ya kuruhusu nina swali moja: "Kesho saa mbili asubuhi utakuwa wapi, na nani?" Akijibu "nitaangalia," naweka kalamu chini na kuvuta kiti.