Mkalimani, mfasiri au mtafsiri?

SWALI: Ninaandaa wasifu mfupi wa mwandishi Yang Jiang wa China kwa ajili ya jarida la wanafunzi. Nimeandika: “Bw. Jiang alikuwa msanii wa tamthilia na mkalimani wa Don Quixote.” Mwenzangu anasema sentensi hii ina makosa, ila hanionyeshi yalipo. Naomba msaada.

JIBU: Mwenzako amesema kweli, na kosa zito zaidi ni “mkalimani”. Ukalimani ni kazi ya mdomo: mkalimani huketi kati ya wasemaji wasioelewana na kuhamisha maneno papo hapo, bila nafasi ya kufuta na kuandika upya. Yang Jiang alifanya kazi ya kalamu, tena ya miaka mingi. Alipokabidhiwa Don Quixote, riwaya ya Kihispania ya Miguel de Cervantes, alilinganisha tafsiri za Kiingereza na Kifaransa, akaona zinapishana, ndipo akaanza kujifunza Kihispania akiwa anakaribia umri wa miaka 50, ili amsome Cervantes mwenyewe. Muswada ulichukuliwa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, msukosuko wa kisiasa wa China wa 1966–1976, akaja kuupata tena, na kitabu kikatoka mwaka 1978. Huyo ni mfasiri. “Mtafsiri” nalo ni sahihi, kwa kuwa kitenzi “tafsiri” kimekwisha kuzoeleka sawa na “fasiri”. Mimi hupendelea “mfasiri” kwa sababu kufasiri kunabeba pia maana ya kufafanua, na mtu anayejifunza lugha nzima kwa ajili ya kitabu kimoja anafanya zaidi ya kubadilisha maneno.

“Msanii wa tamthilia” si kosa la sarufi, lakini litampotosha msomaji. Siku hizi ukitaja tamthilia ya Kichina, wengi wetu tunafikiria zile za televisheni zilizotiwa sauti za Kiswahili, na “msanii” wake ni mwigizaji. Yang Jiang alitunga michezo ya kuchekesha iliyoonyeshwa jukwaani Shanghai miaka ya 1940, mji ukiwa mikononi mwa Wajapani. Andika “mtunzi wa tamthilia za jukwaani”.

Limebaki “Bw. Jiang”. Yang Jiang (1911–2016) alikuwa mwanamke, mke wa mwandishi Qian Zhongshu. Nadhani kamusi ndiyo iliyokuponza: Wachina humtaja kwa heshima kama “xiansheng”, neno ambalo kamusi nyingi hulifasiri “bwana”, ingawa hutumika pia kwa mwanamke msomi aliyeheshimika, karibu na tunavyosema “mwalimu”. Isitoshe, jina la ukoo kwao hutangulia, na mke halibadilishi kwa kuolewa. Kwa hiyo si Bi Jiang wala Bi Qian. Jina lake la kuzaliwa ni Yang Jikang, na inasimuliwa kwamba “Jiang” ni “Jikang” likitamkwa harakaharaka.

Sentensi yako basi isomeke: “Bi Yang Jiang alikuwa mtunzi wa tamthilia za jukwaani na mfasiri wa Don Quixote kwa Kichina.”