Kitabu kidogo cha mdaiwa

Wiki hii mmetuuliza: mshahara wako wa kwanza uliufanyia nini, na siku hizo mlilipaje dukani? Wangu niliupokea mwisho wa Juni 1983, kwenye shamba moja la mkonge wilayani Muheza, nikiwa karani mdogo wa ofisi. Shilingi mia saba na ushei, ndani ya bahasha ya kaki. Zilikaa humo wiki tatu bila kuguswa kwa sababu hakukuwa na cha kununua.

Kazi yangu ilikuwa kuhamisha alama kutoka kwenye kadi za wafanyakazi kwenda kwenye daftari la mishahara. Wazee kadi hizo waliziita bado kipande, jina la zamani. Mkataji alifunga majani 30 kila fungu, na asipotimiza mafungu ya siku hakupigiwa alama, hata kama alikuwa shambani tangu alfajiri. Siku ya malipo Land Rover ilitoka benki Tanga mjini, askari mwenye bunduki amekaa nyuma kando ya sanduku. Meza ilitolewa barazani, majina yakaanza kuitwa. Anayejua kuandika alisaini, asiyejua alichovya dole gumba kwenye wino. Nilichokiona siku ile sijakisahau: wakataji wengi dole gumba lao halikuwa na mistari tena. Utomvu wa mkonge ulikuwa umeila ngozi. Mhasibu akiwaambia wabonyeze upya, na kila wakibonyeza inatoka doa tupu la buluu.

Hatua kumi kutoka pale mezani alikaa mwenye duka la shambani, daftari lake kubwa likiwa wazi magotini. Mwezi mzima watu walichukua kwake unga, chumvi, mafuta ya taa, dagaa, wakaandikwa. Utaratibu ulikuwa wa vitabu viwili: daftari kubwa la dukani, na kitabu kidogo alichokaa nacho mdaiwa mwenyewe nyumbani. Kila ukichukua kitu unakwenda na kitabu chako, kinaandikwa kote kuwili. Mwisho wa mwezi vinalinganishwa, unalipa, mstari unapigwa. Ni utaratibu mzuri, na mpaka leo nautetea, ila unataka jambo moja: mwenye kitabu kidogo ajue kusoma, au awe na mtu wa kumsomea.

Mzee mmoja mtu wa Kigoma, aliyekuja Tanga enzi za manamba, vibarua wa mkataba walioletwa kutoka mikoa ya mbali, alinifuata na bahasha mkononi. Nikamwamkia. "Marahaba mwanangu. Hebu nisomee hiki, unione kama nadaiwa vyote hivi." Tukaenda wote. Nikasoma mstari kwa mstari, mwenye duka akifuatisha kwa kidole kwenye daftari lake. Tulipofika tarehe 19, kwake palikuwa na unga kilo tano. Kwenye kitabu cha mzee tarehe hiyo haikuwepo kabisa. Mwenye duka alinyamaza kidogo, akachukua kalamu, akaukata mstari. Sijui kama ilikuwa makosa au makusudi, na mzee hakuuliza. Alihesabu hela zake mara mbili akaondoka. Mwezi uliofuata waliningoja watu wanane, kila mmoja na kitabu chake kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni.

Sasa ule mshahara wangu. Nilitaka kumnunulia mama doti ya khanga, basi. Lakini miaka ile baada ya vita vya Kagera nchi haikuwa na fedha za kigeni, viwanda vilikosa malighafi na vipuri, na tangu msako wa wahujumu uchumi, yaani walioshukiwa kuficha na kulangua bidhaa, ulipoanza mwaka ule, hata kilichokuwapo kilifichwa. Khanga ilitaka barua ya balozi wa nyumba kumi. Nilipoipata nikapanda basi hadi Tanga, kwenye duka la kampuni ya biashara ya mkoa, nikapanga foleni tatu. Dirisha la kwanza karani anaandika hati nakala tatu, akikandamiza kalamu ili kaboni ishike. La pili keshia nyuma ya nondo anapokea hela, anagonga muhuri IMELIPWA, nakala yake anaichoma kwenye msumari uliosimama mezani. La tatu ndipo unapewa mzigo. Kuchagua rangi hakukuwepo, ulichukua iliyokuwa juu.

Njiani kurudi mgambo walisimamisha basi wakakagua vikapu. "Hii umeitoa wapi?" Nikatoa risiti. Yule kijana aliisoma mbele na nyuma, akanirudishia. Mama wa kiti cha nyuma alikuwa na sabuni za mche bila karatasi, akateremshwa nazo.

Siku hizi tunalipa kwa simu, na ujumbe unaoingia baada ya kulipa ndio kitabu kidogo cha sasa. Jirani yangu muuza mboga hasomi. Kila jioni hunipa simu yake nimsomee nani amelipa na salio limebaki ngapi, naye anaitikia huku akihesabu kwa vidole. Wajukuu zake wana haraka, humwambia tu "imeingia, bibi." Mimi namsomea yote, jina, kiasi na saa.

Mama alifariki 2009. Khanga ile ilikuwa imechakaa siku nyingi, akaifanya nguo ya kubebea wajukuu. Risiti niliikuta sandukuni mwake, imekunjwa mara nne ndani ya kadi yake ya kliniki, wino wa kaboni umefifia lakini muhuri bado unasomeka.